Kula Kiitaliano Bila Ngano Kisii na Nyamira

Chakula cha Kiitaliano katika kaunti za Kisii na Nyamira kwa kawaida hakina nyumba yake chenyewe. Hukaa kwenye ukurasa mmoja wa menyu ya hoteli: pizza za ukubwa wa aina mbili tatu, spageti yenye nyama ya kusaga, pengine lasanya kukiwa na mkutano au harusi. Ukurasa unaofuata ni wa pilau, kuku wa kukaanga, matoke na ugali. Mlaji wa kawaida haoni tatizo hapo. Mlaji aliyekatazwa gluteni ana kila sababu ya kuliona, kwa kuwa jiko ni moja, mafuta ni yale yale, na mikono inayokanda unga wa pizza ndiyo inayogeuza chapati na kupakua wali.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoupa unga uliokandwa mvutano wake, chapati ikakunjwa bila kukatika, mandazi yakavimba, mkate ukaumuka na kushika umbo. Wimbi, mtama, mahindi, mchele, muhogo, viazi na ndizi hazina protini hiyo. Watu walio wengi hawadhuriki nayo, na anayeikwepa kwa kufuata tu mitindo ya kupunguza uzito anajisumbua bure. Habari ni nyingine kwa mgonjwa wa siliaki. Kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni huushambulia utumbo mdogo na kuharibu vijinyweleo vinavyofyonza chakula. Hapo huja kuhara, tumbo kujaa gesi, kukonda, upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, na kwa mtoto, kudumaa. Wengine hawana dalili yoyote ya tumbo. Inakadiriwa kuwa duniani kiasi cha mtu mmoja kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Mzio wa ngano ni jambo tofauti, na wapo pia wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa na siliaki wala mzio. Mhudumu wa hoteli anaweza kuishi bila kuzijua tofauti hizo, lakini mgonjwa hawezi, maana ndizo zinazoamua kama chembe zilizobaki kwenye mwiko ni hatari au ni kero tu.

Historia ya kuutambua ugonjwa huu ilipitia kwenye ndizi, na mkulima wa Kisii angeifurahia. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alieleza dalili zake kwa watoto na kusema kwamba mgonjwa akipona, atakuwa ameponywa na chakula. Chakula gani, hakujua. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alichapisha habari za watoto aliowalisha ndizi kwa wingi huku akiwanyima mkate, nafaka na viazi. Watoto waliokuwa wakichungulia kaburi walinenepa, na kwa miaka mingi madaktari wakaamini kuwa ndizi ina nguvu ya pekee. Ukweli ulijitokeza Uholanzi. Huko daktari wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa tayari anaishuku ngano. Ilipokuja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na wagonjwa wa siliaki, kinyume cha watoto wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 iliitaja ngano waziwazi. Ndizi za Haas hazikuwa dawa. Zilikuwa tu chakula kisicho na ngano, sawa na zile zinazopakiwa kwenye malori ya Nairobi katika masoko ya Gusii, yaani huku Kisii na Nyamira.

Afrika nayo imo katika habari hii. Mwaka 1999 watafiti wa Italia waliandika katika jarida la Lancet kwamba asilimia 5.6 ya watoto wa Kisahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, waliowapima walikuwa na siliaki, kiwango kinachozidi sana kile cha Ulaya. Walikihusisha na vinasaba vya jamii hiyo pamoja na chakula kilichobadilika katika vizazi vichache, ngano ikichukua nafasi kubwa. Gusii haina utafiti wa namna hiyo wa kulinganishwa nao, na Wasahrawi ni jamii yenye damu na mazingira yake. Hata hivyo mabadiliko ya sahani yanafanana. Zamani Omogusii alikula obokima, yaani ugali, wa wimbi. Mahindi yalitamba wakati wa ukoloni. Chapati ilikuwa ya Krismasi na ya wageni. Leo chapati ni kifungua kinywa cha bodaboda na mandazi ni ya mtoto wa shule.

Pasta nayo ilifika Kenya kwa njia ya pwani, na kwamba Mgiriama wa Malindi anaijua kuliko mtu wa Keroka huku Gusii si jambo la ajabu. Mradi wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi mwaka 1967, uliwaleta Waitaliano pwani. Watalii na walowezi wakafuata, na mikahawa ikafuata watalii. Gusii haikupata wimbi hilo la watu. Wamishonari Wakatoliki waliofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 walikuwa wa shirika la Mill Hill la Uingereza, na Waadventista wa Nyanchwa walikuja na mapokeo yao mengine kabisa ya chakula. Alama ya Italia inayojulikana zaidi hapa ni hospitali ya misheni ya Tabaka, yenye jina la Mtakatifu Kamilo na kuendeshwa na shirika alilolianzisha huko Italia katika karne ya 16. Watu huenda Tabaka kutibiwa na kununua vinyago vya mawe, si kula tambi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba nchi ya pasta ndiyo mojawapo ya nchi zinazowajali zaidi wagonjwa wa siliaki. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1979. Sheria namba 123 ya mwaka 2005 iliutambua ugonjwa huo kuwa ugonjwa wa kijamii, na mgonjwa aliyethibitishwa hupata msaada wa serikali wa kununulia vyakula visivyo na gluteni. Mikahawa iliyofunzwa na chama huingizwa kwenye orodha inayojulikana. Mgonjwa wa Milano akisafiri kwenda Napoli ana mahali pa kuuliza. Mgonjwa wa Nyamira akisafiri kwenda Kisii, mwendo wa chini ya saa moja, hana orodha wala alama ya mlangoni. Inambidi alisome jiko lenyewe.

Kulisoma jiko huanza na kuelewa kwamba chakula cha Kiitaliano hakiishii kwenye unga wa ngano. Kaskazini ya Italia, hasa Veneto na Lombardia, ilikula polenta kwa karne nyingi, na polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji na chumvi. Mpishi yeyote wa Kisii anaijua kazi hiyo kwa mkono. Tofauti ni kwamba unga wa polenta husagwa kwa chenga kubwa kidogo, husongwa kwa muda mrefu zaidi na huwa laini kuliko ugali. Ukipoa hukatwa vipande na kuchomwa. (Maskini wa huko waliokula polenta pekee waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, na ndiyo maana chakula hiki kinahitaji kitoweo cha maana.) Ukimimina juu ya polenta mchuzi mzito wa nyanya na nyama, au uyoga uliokaangwa kwa kitunguu saumu, hiyo ni sahani ya Kiitaliano kamili, na haijagusana na ngano mahali popote.

Rizoto nayo ni wali. Inataka mchele unaotoa wanga kwa wingi ili sahani iwe na urojo, kwa hiyo pishori ya Mwea, inayosifiwa kwa punje zinazoachana, haifai sana. Mchele wa Ahero ni wa kujaribiwa kwanza: uko jirani, katika barabara ileile inayopanda kupitia Sondu na Oyugis hadi Kisii, na mradi wake wa umwagiliaji umekuwepo tangu 1969. Hatari ya rizoto haiko kwenye mchele, iko kwenye supu ya kuipikia. Vibonge na unga wa kukoleza mchuzi mara nyingine huwa na ngano ndani yake, na hoteli nyingi haziujui mchuzi usio na kitu cha pakiti. Mpishi anayechemsha mifupa yake mwenyewe kwa kitunguu na karoti ni wa kutunzwa.

Sahani ya tatu haijulikani sana, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote. Watu wa Liguria, pwani ya Genova, hutengeneza farinata: unga wa dengu, ule unaotumika kwa bajia, huchanganywa na maji, chumvi na mafuta, huachwa saa kadhaa, kisha humiminwa kwenye sinia pana na kuokwa kwa moto mkali hadi juu paanze kuungua. Huliwa moto na pilipili manga. Unga huo hupatikana madukani Kisii. Tahadhari ni moja, kwamba wauzaji wengine wa bajia huongeza unga wa ngano ili kupunguza gharama, kwa hiyo unga uliofungwa kiwandani na wenye lebo ni bora kuliko wa kupimiwa.

Pizza na pasta zinahitaji ukali zaidi. Pizza ya unga wa mchele au muhogo inawezekana, lakini ikiokwa katika jiko linalotoa pizza za ngano siku nzima haimfai mgonjwa wa siliaki, hata mpishi awe mwaminifu namna gani. Unga wa ngano huruka, hutua mezani, kwenye rojo la nyanya lililoachwa wazi na kwenye kijiko cha jibini. Moto wa tanuri hauiui gluteni. Pasta ya mchele au ya mahindi, inayoletwa kutoka nje na kuuzwa zaidi katika maduka makubwa ya Nairobi kwa bei inayozidi ile ya kawaida mara kadhaa, inafaa kwa masharti mawili: ichemshwe kwa maji mapya na ichujwe kwa chujio lisilotumika kwa spageti. Hoteli inayokubali mteja alete pakiti yake na kumpikia kwa sufuria safi imeonyesha nia njema, na si aibu kuomba hivyo iwapo ombi linatangulia mlo kwa siku moja au mbili.

Kwa upande wa viungo, nchi hii imejaliwa. Wimbi lina kiasi cha miligramu 344 za kalsiamu katika kila gramu 100, na chinsaga na rinagu, saga na managu za Kiswahili cha sokoni, ni mboga zenye madini ya chuma. Hayo ndiyo madini ambayo mgonjwa wa siliaki hupungukiwa nayo kwa muda mrefu kabla ya kutambuliwa. Nyanya, biringanya, vitunguu, parachichi, maharagwe na mayai viko katika soko la Daraja Mbili karibu mwaka mzima. Samaki huteremshwa kutoka pwani ya ziwa, Homa Bay na Kendu Bay. Mpishi mwenye vitu hivyo na mafuta mazuri anaweza kutandika meza ambayo mtu wa Sicilia asingeikataa.

Ila wimbi hupitia kwenye kinu, na kinu ndicho mahali ambapo usafi wake hupotea. Posho mili ya mtaani husaga kila kinacholetwa: mahindi, mtama, muhogo uliokaushwa, soya, hata mchanganyiko wa uji wa watoto wenye ngano ndani yake. Mashine haioshwi kati ya mteja na mteja, na kilo ya kwanza ya wimbi hubeba mabaki ya aliyetangulia. Familia zenye mgonjwa hufanya vema kununua wimbi la punje, kulipepeta na kulichagua nyumbani, kisha kulipeleka kwenye kinu ambacho hakisagi ngano kabisa. Kisipopatikana, kufika wa kwanza asubuhi na kutanguliza kilo moja ya mahindi ya kuku ili isafishe njia hupunguza hatari, ingawa haiiondoi. Kiwango cha kimataifa cha Codex hutaka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Hicho ni kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho.

Hotelini unga hujificha kwa namna nyingi zaidi. Samaki hupakwa ngano kabla ya kutiwa mafutani ili asishike karai. Mchuzi wa karanga au wa nyama huongezwa kijiko cha unga uwe mzito. Soseji na smoki nyingi hujazwa makombo ya mkate au wanga wa ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Chipsi ni viazi na chumvi tu, lakini karai inayozikaanga ilikuwa na mandazi asubuhi. Kimea cha shayiri kimo katika bia nyingi na katika baadhi ya vinywaji vya unga vyenye chokoleti. Kimea cha wimbi, kile cha amarwa, pombe ya zamani, hakina tatizo hilo. Hata rangi hudanganya: ugali wa kahawia ni wa wimbi au mtama, ilhali chapati ya kahawia ni ngano isiyokobolewa, na mhudumu anaweza kukupendekezea zote mbili kwa pumzi moja akiziita chakula cha afya.

Mapokeo ya Kiadventista, yenye nguvu sana Gusii, yanasaidia na kutatiza kwa wakati mmoja. Hoteli nyingi za waumini hazina nguruwe wala pombe, na hujua kupika mboga na kunde kwa ustadi. Lakini Waadventista wa Marekani, tangu enzi za hospitali yao ya Battle Creek, walieneza vyakula vinavyochukua nafasi ya nyama, na baadhi yake vilikuwa gluteni tupu ya ngano iliyooshwa wanga. Kwa hiyo sahani yenye sifa ya kutokuwa na nyama inastahili swali kama nyingine yoyote. Ikumbukwe pia kwamba hoteli kama hizo hufungwa Jumamosi.

Swali lenyewe lina adabu zake. Saa saba mchana, foleni ikiwa mlangoni, si wakati wa kuuliza. Saa tisa au saa kumi jiko limepoa na mpishi ana nafasi. Aulizwe mpishi, si mhudumu, na aulizwe vitu, si jina la ugonjwa. Neno gluteni huwatia watu haya ya kukiri kwamba hawalijui, na jibu linalotoka ni “hakuna shida”. Jibu hilo halina maana yoyote. “Mama, mchuzi huu umeufanya mzito kwa kutumia nini?” huleta jibu la kweli. “Karai hii mmekaangia nini leo?” pia. Mwiko, ubao wa kukatia na kitambaa cha kufutia meza viulizwe kwa upole uleule. Mpishi anayesema “hiyo siwezi, hapa unga unaruka sana” ni wa kuaminiwa kuliko anayeahidi kila kitu, na mara nyingi ndiye atakayejitolea kusonga ugali wa peke yake kwenye sufuria iliyooshwa.

Hoteli ya kuaminika, kwa kipimo hicho, huweza kuwa kubwa yenye meza za vitambaa au kibanda cha mabati kinachouza ugali, samaki na managu pekee. Kibanda kina faida moja ambayo hoteli kubwa haina: kisichopika chapati hakina unga wa kurusha. Kwa upande mwingine, hoteli kubwa ina maji ya bomba, masufuria ya kutosha na mpishi aliyesomea kazi, ambaye huenda amefundishwa habari za mzio wa vyakula. Kwa polenta na mchuzi wa nyanya, kibanda safi hushinda. Kwa rizoto, hoteli.

Vyakula vya pakiti vina lebo, na kanuni za Codex huziweka nafaka zenye gluteni miongoni mwa vitu ambavyo lazima vitajwe. Maneno ya kutafuta ni ngano, shayiri, rai, semolina, durum, kimea, na kwa bidhaa za Italia, farro na orzo. Alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari, inayotolewa na vyama vya wagonjwa wa nchi mbalimbali, ina uzito kuliko maneno ya tangazo la mbele ya pakiti.

Limebaki suala la kupimwa, ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Tumbo linalosumbua hapa huitwa amiba, taifodi au vidonda vya tumbo, na mgonjwa hupewa dawa ya ugonjwa mmoja baada ya mwingine kwa miaka. Wengine husoma kidogo, huacha ngano wenyewe, hupata nafuu, kisha huenda kupimwa na kuambiwa hawana kitu. Kipimo cha kwanza cha siliaki hutafuta katika damu kingamwili zinazotokea wakati mgonjwa bado anakula gluteni. Akiwa ameiacha kwa miezi, kingamwili hizo hushuka na kipimo hakizioni. Kuthibitisha kwaweza kuhitaji kamera ya kupitisha kooni na kipande kidogo cha utumbo. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ndiyo mlango mkuu wa rufaa wa eneo hili, na daktari wa hapo ndiye wa kuulizwa ni kipimo gani kifanyike na wapi.

Kwa hiyo anayeshuku ngano asiache chapati yake kabla ya kumwona daktari. Na aliyekwisha kuthibitishwa, akitaka kula Kiitaliano mwisho wa wiki, ampigie mpishi simu siku mbili kabla, aagize polenta, na pizza awaachie wenzake.